Kutafuta vyakula vya Karibiani ukiwa mbali navyo: niliyoyaona Whitby na Leeds, nanyi mniongezee

Binti_Pangani (mleta mada)

Salaam wakuu. Uzi huu ni mrefu, mtanivumilia. Habari hizi nimezitafuta sana kwa Kiswahili nisizipate, na najua humu tupo wengi tuliooana na watu wa Jamaika, Trinidad, Barbados na visiwa vingine, au tunaoishi nao ukuta kwa ukuta.

Mimi kwetu Pangani. Naishi Whitby, mji mdogo wa wavuvi pwani ya kaskazini-mashariki ya Uingereza. Mume wangu kazaliwa Leeds. Mama yake aliingia nchi hii mwaka 1962 akitokea St Elizabeth, Jamaika, msichana wa miaka 19, miezi michache kabla sheria mpya ya uhamiaji haijafunga mlango. Mwishoni mwa 2023 alianguka akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali tukamleta kwetu, maana nyumba yake ina ngazi nyingi.

Akawa hali. Uji anaonja kijiko kimoja, viazi anavigeuzageuza kwa uma mpaka vinapoa. Nikampikia wali wa nazi, akala kidogo, nikapata moyo. Siku ya pili yake akaniambia: mwanangu, ninachotamani ni aki (tunda la kwao linalopikwa kama mboga) na samaki wa chumvi, na kipande cha tunda la mkate la kuchoma. Hilo la mwisho sikulijua. Mume wangu akanionyesha picha kwenye simu, nikapiga kelele palepale jikoni. Kumbe shelisheli! Nyuma ya nyumba ya bibi yangu palikuwa na mti wake, tukilipika kwa nazi mwezi wa Ramadhani. Nilikuwa nimeolewa kwao miaka 11, na hatukuwahi kujua kwamba mimi na mama huyu tumekua tukila tunda moja.

Hili nalitanguliza kwa sababu ndilo lililonirahisishia kila kitu baadaye. Kabla hujatoka nyumbani kwenda kutafuta chakula cha Karibiani, kitafutie kwanza jina la kwetu. Kalalu ya Jamaika ni mchicha, mchicha huuhuu wa kwetu (ya Trinidad ni jambo jingine, wao hupika majani ya magimbi, na usibishane nao, wana haki na jina lao). Gungo ni mbaazi. Dashini ni magimbi. Soreli wanayokunywa Krismasi ni rozela. Wali wao wa Jumapili unaungwa kwa tui la nazi pamoja na maharage mekundu au mbaazi. Mama mkwe akipika vibua vya huku kwa tui mpaka likatike na kutoa mafuta, ana jina lake la Kijamaika kwa chakula hicho, ila mimi namwona shangazi yangu amesimama pale.

Ukishalijua jina unajua na mlango wa kugonga. Mbaazi kavu nzima ziko kwenye maduka ya Wahindi, bei chini kuliko kopo lililoandikwa gungo, kwani hata ile tur dal yao ni mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa. Kwa Wareno utamkuta samaki wa chumvi, wanamwita bacalhau. Wachina na Wafilipino wana magimbi, muhogo wa kugandishwa na nazi iliyokwisha kukunwa, ambayo ukiichovya kwenye maji moto na kuikamua unapata tui zuri kuliko la kopo. Waturuki na Waarabu wana rozela kavu kwa kilo. Mimi nilikuwa natafuta duka lenye bendera ya Jamaika mlangoni, kumbe nusu ya nilichokitaka kilikuwa kwa Mhindi niliyempita kila mwezi nikienda kununua mchele.

Sasa njoo kwenye vile visivyo na jina la kwetu.

Pimento ilinisumbua sana. Niliandikiwa karatasi na mama mkwe: pimento, vijiko viwili. Nikaenda supamaketi, nikakuta chupa ya pilipili hoho nyekundu zilizohifadhiwa kwenye siki, imeandikwa jina karibu hilohilo. Nikainunua. Mama akaifungua, akanusa, akaifunika bila kusema neno. Pimento ya Jamaika ni punje kavu za kahawia, kubwa kidogo kuliko pilipili manga, za mti unaoota kwao. Ukiiponda inatoa harufu ya karafuu, mdalasini na kungumanga kwa pamoja, ndiyo maana Waingereza waliipa jina, allspice, linalokufanya udhani ni mchanganyiko wa viungo. Si mchanganyiko. Ni punje moja. Nunua nzima, usinunue ya unga, unga hupoteza harufu kabatini. Siku nilipoipata ya kweli niliiponda kwenye kinu cha bibi nilichokuja nacho kutoka nyumbani, na nyumba nzima ikanuka Zanzibar msimu wa karafuu.

Samaki wa chumvi nilidhani atakuwa rahisi kuliko vyote. Whitby ni mji wa samaki, cod, ndiye samaki anayekaushwa kwa chumvi, unampata kila duka la chipsi, na mbichi bandarini asubuhi. Lakini mkavu wa chumvi, hakuna. Hapa hawamli hivyo. Desturi ya kumla Karibiani ilikuja na biashara ya utumwa: samaki waliokaushwa kwa chumvi pwani za Kanada walipelekwa visiwani kulisha watu waliofanyishwa kazi mashamba ya miwa, nao ni samaki wa daraja la chini kabisa ambao Ulaya haikuwataka, na meli zikarudi na sukari, molasi na ramu. Wajamaika wakakigeuza chakula hicho kuwa chakula chao cha taifa. Mimi nimekulia kwenye papa mkavu na ng'onda, nikajaribu mara moja kumpikia papa niliyeletewa na dada yangu. Mama akala kwa adabu. Ni kitamu, lakini nyama ya papa ina nyuzi na harufu yake inatangulia, cod anachambuka mapande laini na kuiachia aki nafasi.

Na soma maandishi ya pakiti. Pakiti nyingi za "samaki wa chumvi" hapa Uingereza si cod, ni pollock, samaki wa jamii yake wa bei ndogo. Wanalika vizuri, ila bei iwe ya pollock.

Aki yenyewe huku ni ya kopo tu. Makopo ni ya gramu 540 au 280, na ni ghali, mimi sijawahi kulipa chini ya pauni 5 kwa kubwa. Mbichi usiitafute. Tunda lisiloiva lina sumu iitwayo hipoglisini, inashusha sukari ya damu ghafla na imeua watu. Kule Jamaika wanangoja tunda lipasuke lenyewe mtini, wanasema limepiga miayo, ndipo wanalichuma, wanatoa mbegu nyeusi na ule utando mwekundu, wanachemsha na kumwaga maji. Mti huu asili yake Afrika Magharibi, ulifika Jamaika karne ya 18 enzi za meli za watumwa.

Jina lake la kisayansi, Blighia sapida, linatokana na William Bligh. Huyu ndiye nahodha aliyeasiwa na mabaharia wake mwaka 1789 kwenye meli ya Bounty, akiwa amepakia miche ya mashelisheli kutoka Tahiti. Alirudi tena na meli ya Providence, na mwaka 1793 akaishusha miche hiyo St Vincent na Jamaika, kwa sababu wenye mashamba walitaka chakula cha bei ndogo cha kulisha watumwa. Kwa hiyo matunda mawili aliyoyatamani mama mkwe wangu kitandani, moja lina jina la mtu huyu na jingine alilileta yeye.

Sasa safari. Napanda basi Whitby asubuhi, linapanda nyika za milimani, linapita Pickering, Malton na York mpaka Leeds, zaidi ya saa tatu njiani. Nauli pauni 3 kwenda, 3 kurudi. Leeds nashuka soko la Kirkgate, lile la ndani la chuma na vioo, naanza kwa wenye mboga, kisha nachukua basi la mjini mpaka Chapeltown ambako Wakaribiani wamekaa tangu miaka ya 1950. Mama mkwe aliishi huko miaka 50 na zaidi. Nikitaja jina lake kwa wazee dukani natolewa kiti. Naambiwa viazi vikuu vya leo si vizuri, rudi Alhamisi. Siwezi kurudi Alhamisi, lakini nashukuru kuambiwa ukweli.

Nilijaribu pia kuagiza kwa mtandao. Duka moja, sitalitaja, lilinitumia kilo tano za viazi vikuu, vitatu vimeoza katikati ukikata, na picha nilizotuma hazikujibiwa. Makopo na vikavu agiza popote. Kitu kinachooza kiguse kwa mkono wako.

Nilichoshindwa mpaka leo ni shelisheli bichi. Miaka miwili nimelipata mara mbili, mara moja likiwa limeshalainika. Nani anajua linakoingilia kaskazini huku? Na nyie mlio Kanada, Marekani, Ghuba, mnafanyaje?

Mzee_wa_Forodhani

Binti yangu, umenikumbusha mbali. Sisi huku Unguja watoto wa siku hizi wanalipita shelisheli chini ya mti wanakwenda kununua chipsi. Jina lenyewe linasema lilikotujia, Ushelisheli.

Kuhusu kuchagua: tazama ganda. Likiwa kijani kibichi na vipele vyake vimechongoka, bado changa, litakuwa kama sabuni. Ngoja vipele vilale, ganda lipate rangi ya majani makavu kidogo, na utomvu mweupe ugande nje kama matone ya maziwa. Hilo ndilo la kuchoma. Likibonyea kwa kidole, hilo la kuchoma limepita, lipondee na sukari na iliki ukaange vitumbua vyake.

Kama safari ya kwenda nalo nyumbani ni ndefu, litumbukize kwenye ndoo ya maji baridi. Mabaharia wetu walifanya hivyo. Linakaa siku mbili tatu bila kulainika.

Msafiri_Eglinton

Salaam dada. Niko Toronto mwaka wa 14. Sisi tumebarikiwa, sitakudanganya. Barabara ya Eglinton Magharibi kuna mtaa unaitwa Little Jamaica, na mjini katikati kuna Kensington Market. Shelisheli, viazi vikuu vya njano, ndizi mzuzu, miwa, vyote vimo hata theluji ikiwa magotini.

Jambo la ajabu ni huyo samaki. Nilidhani Kanada ndiyo nyumbani kwake, angekuwa bwerere. Wakuu, serikali hapa ilisimamisha uvuvi wa cod pwani ya Newfoundland Julai 1992 kwa sababu samaki walikwisha, maelfu ya watu wakakosa kazi. Kwa hiyo siku hizi pakiti niliyonayo friji imetoka Norwei. Fundi wangu wa magari, Mjamaika, ananiambia mama yake alikuwa akinunua kwa pipa, leo ananunua kwa gramu.

Namna ya kutoa chumvi: loweka usiku kucha, badilisha maji mara mbili, asubuhi chemsha dakika 15, onja. Bado kali, chemsha tena kwa maji mapya. Usichemshe mpaka chumvi yote iishe, ndipo unapoharibu.

Mama_Wawili_Worcester

Hapa Massachusetts Wajamaika wapo kiasi, ila kopo la aki likifika dola 12 nalirudisha rafuni. Wenye umri wanasema zamani lilikuwa halipatikani kabisa, maana Marekani ilipiga marufuku aki kuingia mwaka 1973, ikafungua mwaka 2000 kwa viwanda vilivyokaguliwa tu. Mpaka leo kiwanda kisicho kwenye orodha, mzigo wake unazuiwa bandarini.

Mimi njia yangu ni mayai. Navuruga mayai kwa manjano kidogo, natia samaki wa chumvi, thaimu, nyanya na pilipili. Ukifumba macho huoni tofauti. Dada kwa nini ujitese saa sita kwenye basi?

Mfungashaji_Entebbe

Jamani mmeongea yote mkasahau pilipili. Mimi nafanya kazi ya kufungasha mboga za kusafirisha, Uganda. Ile pilipili ya Wajamaika, Scotch bonnet, fupi yenye mikunjo kama kofia, tunailima kwa wingi wilaya nyingi huku na inaenda Uingereza na Ulaya kwa ndege. Kwa hiyo dada Binti, ukiwa Leeds tazama ubavuni mwa boksi, kuna uwezekano mkubwa imetoka kwetu.

Mara nyingine inaadimika na bei inapanda, nieleze kwa nini. Kuna nondo mmoja mdogo, mabuu wake hutoboa pilipili na kukaa ndani. Nje huoni kitu. Wakaguzi wa Ulaya wakimkuta kwenye mzigo mmoja, mzigo wote unaharibiwa, na wakimkuta mara nyingi masharti yanakaza kwa nchi nzima. Sisi tunapasua pilipili moja moja za sampuli mezani kabla ya kufunga boksi. Wiki nyingine mkulima analeta gunia zima, tunampokelea robo. Inauma, kwa sababu amelala shambani kuilinda.

Na pilipili mbuzi ya pwani ni ya jamii hiyohiyo. Ukali unafanana, harufu ya matunda iko kwenye zote mbili. Yenye rangi ya njano ndiyo inayokaribia zaidi.

Binti_Pangani

Nimewasoma wote, ahsanteni sana.

Kaka wa Entebbe, umenifanya niende kutoa boksi la jana kwenye pipa la karatasi. Limeandikwa Uganda kweli. Nimemwonyesha mama mkwe. Ameishika pilipili moja muda mrefu, akauliza huko kwenu wanaila na nini. Nimemwambia na kila kitu, akacheka. Mwambie mkulima wako kwamba pilipili yake ilitiwa nzima, bila kupasuliwa, juu ya sufuria ya wali wa mbaazi Whitby, ikatolewa kwa kijiko kabla haijapasuka. Ndivyo anavyotaka, harufu iingie, ukali ubaki ndani ya ngozi.

Mzee wetu wa Forodhani, shikamoo. Habari ya ndoo ya maji mama ameithibitisha, na kwao walifanya hivyo.

Dada wa Worcester, nakuelewa kuhusu bei, dola 12 ni nyingi. Lakini mayai nayakataa kwa moyo wote, na niruhusu nieleze, maana hili nimelifanya jikoni kwa mikono yangu zaidi ya mara 20.

Aki ikitoka koponi imelala kwenye maji ya chumvi, vipande vya njano vyenye mikunjo, laini kiasi kwamba ukivimwaga kwa haraka vinavunjika. Naimimina kwenye chujio polepole, naipitishia maji ya moto kikombe kimoja, naiacha ijikamue yenyewe. Kwenye kikaango mafuta kidogo, kitunguu maji, majani ya kitunguu, thaimu, hoho, nyanya moja, pilipili, na punje nane za pimento zilizopondwa. Samaki aliyechambuliwa anaingia, anakaangika mpaka kingo zake zinapiga rangi. Ndipo aki inalazwa juu. Hapo mwiko unauweka chini. Nafunika dakika tano, natikisa kikaango kwa mpini tu. Inapokuwa tayari ni kama siagi iliyoshika umbo, ina ladha ya kokwa kwa mbali, na inabeba chumvi ya samaki bila kuipoteza. Yai linakaza, linatoa maji, lina harufu ya yai. Mtu aliyekua na aki anajua kabla hajafumba macho.

Na kuna sababu nyingine. Mara ya kwanza nilipofanikiwa, mama alikula sahani nzima na mkate mgumu. Wiki hiyo muuguzi anayekuja kumfanyisha mazoezi aliandika kwamba amesimama mwenyewe kutoka kwenye kiti. Sisemi aki ni dawa. Nasema alikuwa na njaa miezi miwili, na chakula tulichokuwa tukimwekea mezani hakikuwa chakula kwake. Kwa hilo basi la saa tatu silioni refu. Kama kopo ni ghali, nunua la gramu 280, lipike mara moja kwa mwezi, siku nyingine kula mayai kama mayai.

Kuhusu mchicha, niliacha kuununua. Pakiti ya mbegu zilizoandikwa kalalu inauzwa hapahapa Uingereza. Nasia ndani kwenye vibati dirishani mwezi wa nne mwishoni, nahamishia nje mwezi wa sita jalidi ikishakwisha kabisa. Mwezi wa nane nakata mara mbili kwa wiki. Mama anakaa kwenye kiti bustanini ananielekeza nivunje shina wapi, mimi navunja nilivyofundishwa Pangani, na ni palepale.

Bi_wa_Ruwi

Mwanangu Binti, nami nichangie kutoka Maskati. Huku Wakaribiani hawapo wengi, lakini nimepata jirani muuguzi kutoka Trinidad, mwaka wa tatu huu. Krismasi alikuwa analia kwa kukosa soreli yake. Nikamwambia twende sokoni Mutrah. Gunia zima la karkade, ndiyo rozela yenyewe! Akachukua ua moja akalitafuna, akanikumbatia mbele za watu.

Tunaiandaa hivi: karkade vikombe viwili, tangawizi mbichi iliyopondwa kipande kizuri, ganda la chungwa, karafuu, maji yanayochemka juu yake, unafunika mpaka kesho yake, unachuja, ndipo sukari. Watu wa kwao hutia ramu, sisi hatutii, na haipungukiwi kitu.

Nazi, ndizi na mapapai tunapata ya Salalah. Pilipili mbuzi jamaa zangu hunitumia. Ila angalizo kwenu mlio Ulaya: msijaze mabegi mboga na matunda mkirudi likizo. Mengi yanataka cheti cha afya ya mimea, na nyama hairuhusiwi. Wifi yangu alinyang'anywa begi zima uwanja wa ndege, na mbegu zake humo.

Shemeji_Hull

Mleta mada, salaam. Mimi niko Hull, mke wangu kwao Nevis. Tumekuwa tukihangaika na shelisheli kama wewe mpaka mwaka jana. Siri ni hii: maduka ya rejareja huku juu hayaagizi kwa sababu linaiva haraka na wateja ni wachache, wanaogopa hasara. Lakini mwenye duka akijua boksi zima limeshalipiwa, analiongeza kwenye oda yake ya soko la jumla na kukuletea. Sisi tunafanya hivyo na jamaa mmoja wa Leeds. Boksi moja linakuja na mashelisheli manane mpaka kumi kulingana na ukubwa, na familia moja haiwezi kuyamaliza kabla hayajaiva. Tunatafuta mwenzetu wa kugawana.

Yanayokuja siku hizi si ya Jamaika lakini.

Binti_Pangani

Shemeji, najua kwa nini si ya Jamaika. Tarehe 28 Oktoba 2025 Kimbunga Melissa kilitua magharibi ya kisiwa kikiwa cha daraja la tano, na Black River, mji mkuu wa St Elizabeth kwao mama, uliharibiwa vibaya. Dada yake mdogo alitupigia simu baada ya siku tisa. Paa limekwenda. Mshelisheli uliokuwa uani, uliopandwa na babu yao, umelala na mizizi juu. Mama alisikiliza yote, akauliza swali moja tu, kama machipukizi yapo kwenye mizizi. Mshelisheli huzalishwa kwa machipukizi ya mizizi, aina hii haina mbegu. Dada yake akasema hajaenda kutazama. Jumapili iliyofuata akapiga tena: yapo mawili.

Kwa hiyo likitoka kisiwa kingine chochote, au Afrika, tutalila. Nichukue nusu ya boksi. Gari sina, ila basi langu linapita Malton, na kutoka Hull kwako si mbali kwa gari. Tukutane pale.

Shemeji_Hull

Imekwisha hiyo. Boksi linafika Leeds Ijumaa jioni, nalichukua mwenyewe. Jumamosi saa nne asubuhi niko stendi ya Malton, gari la bluu. Mke wangu anauliza: mama analitaka la kuchoma au la kuchemsha, ili tukuchagulie yaliyokomaa?

Binti_Pangani

La kuchoma. Nimemsomea ujumbe wako, anasema mchague yenye utomvu uliogandia nje, kama alivyosema Mzee wa Forodhani. Na ameshamwambia mwanawe atoe jiko la mkaa kwenye banda, alifute majivu, hata kama Jumamosi mvua itanyesha. Nitakuwa nimevaa khanga juu ya koti, utanijua.

Mzee_wa_Forodhani

Mkilichoma, chanjeni msalaba kwenye kikonyo kabla ya kuliweka motoni, lisije likapasuka. Geuzeni kila upande mpaka liwe jeusi lote na mvuke utoke juu. Saa nzima, msiharakishe. Na mtuletee picha humu.